Kumsomea, kusoma naye au kumsikiliza: lipi limfae mtoto anayejifunza kusoma nyumbani

Mzazi mwenye dakika 20 jioni ana mengi ya kuchagua. Amsomee mwanawe hadithi? Amtandikie kadi za silabi mezani? Ampe kitabu asome, yeye asikilize? Yote hayo huitwa kumsaidia mtoto kusoma, na hapo ndipo mambo yanapochanganyika, kwa sababu hayajengi kitu kimoja.

Mwaka 2002 watafiti wawili wa Kanada, Monique Sénéchal na Jo-Anne LeFevre, walichapisha matokeo ya kuwafuatilia watoto kwa miaka mitano. Kusomewa vitabu nyumbani kuliendana na msamiati na uwezo wa kuelewa mtoto anachokisikia. Kufundishwa na wazazi herufi na maneno kuliendana na uwezo wa kutambua maandishi. Mwaka 2008 Sénéchal na mwenzake Laura Young walikusanya tafiti 16 zilizohusu familia 1,340, wakaona kwamba mzazi anayemfundisha mtoto stadi mahususi za kusoma humsogeza zaidi kuliko mzazi anayemsikiliza tu akisoma. Kumsomea peke yake hakukuonyesha maendeleo ya maana katika kujua kusoma.

Matokeo hayo huwashtua wazazi wanaosoma hadithi kila usiku wakitarajia kwamba siku moja mtoto ataamka anajua kusoma. Hawakosei kumsomea. Wanakosea wanapodhani kwamba kazi hiyo itafanya na ile nyingine. Kwa hiyo, kabla ya kulinganisha njia, tazama mwanao anahitaji ipi.

Kipimo cha dakika kumi

Mwaka 1986 Philip Gough na William Tunmer walieleza kusoma kwa hesabu fupi: uwezo wa kugeuza maandishi kuwa maneno, mara uwezo wa kuelewa lugha. Ni kuzidisha, si kujumlisha. Upande mmoja ukiwa sifuri, jibu ni sifuri, hata upande wa pili ukiwa mzuri namna gani.

Pande zote mbili unaweza kuzipima nyumbani. Chukua ukurasa ambao mtoto hajawahi kuuona, wenye maneno kama 50. Asome kwa sauti, nawe hesabu kimyakimya maneno aliyokosea au kukwama. Funga kitabu, mwambie akusimulie alichosoma. Kisha wewe msomee ukurasa mwingine wa ugumu uleule, naye akusimulie tena. Linganisha masimulizi hayo mawili.

Ikiwa anakwama kwenye maneno mengi lakini ukurasa uliomsomea ameusimulia vizuri, lugha anayo. Kinachompiga chenga ni maandishi. Huyu anahitaji silabi na mazoezi ya kuziunganisha.

Ikiwa anasoma kila neno sawasawa ila anaburuta, na anasimulia vema kile tu ulichomsomea wewe, basi hajapata wepesi. Akifika mwisho wa sentensi, mwanzo wake umeshamtoka. Huyu anahitaji kurudia.

Ikiwa anasoma bila kukosea lakini hawezi kusimulia, na hata ukimsomea wewe bado hawezi, shida iko kwenye lugha yenyewe. Katika Kiswahili mtoto wa namna hii ni rahisi sana kumpita bila kumwona. Maandishi yetu yanafuata sauti kwa uaminifu, hivyo aliyezijua silabi zote anaweza kusoma kwa sauti hata habari ya benki asiyoelewa neno lake moja. Wazazi humsikia wakaridhika. Huyu ndiye hasa anayehitaji kusomewa na kuzungumza naye.

Akishindwa pande zote, gawa muda nusu kwa nusu. Lakini kwanza hakikisha anasikia na anaona vizuri: mwite kwa sauti ya chini akiwa amekupa mgongo, na angalia kama hukunja macho au husogeza kitabu karibu mno na uso. Ukiwa na shaka yoyote, mpeleke akapimwe.

Majina ya herufi, sauti, silabi au neno zima

Kwa mtoto ambaye bado hajafungua maandishi, uchaguzi wa kwanza ni pa kuanzia.

Majina ya herufi ndiyo njia ambayo wengi huikimbilia: a, be, che, de. Yana kazi yake baadaye, wakati wa kutaja tahajia au kutafuta neno katika kamusi. Kama mlango wa kusoma yanakwamisha. Mtoto aliyeambiwa kwamba herufi hii ni "be" na ile ni "a" akilikuta neno *baba* atasoma "bea bea", na kwa alichofundishwa hajakosea. Itabidi avunje alichokariri ndipo asome.

Sauti moja moja ni bora zaidi, ila zina mpaka. Sauti za m, n, s, l, f na z zinavutika: unaweza kutamka *mmmm* kisha ukateleza hadi *a* bila kukata pumzi, na *ma* ikatoka yenyewe. Lakini b, d, g, k, p na t hazivutiki. Ukijaribu kuzitamka peke yake utazibandika irabu, ukajikuta umerudi kwenye "be".

Silabi inaikwepa shida hiyo. Kiswahili kina irabu tano tu, na silabi zake karibu zote huishia kwa irabu, kwa hiyo konsonanti moja humpa mtoto silabi tano kamili za kujengea maneno. Ushauri wetu ni huu: silabi ziwe njia kuu, na sauti zinazovutika zitumike mwanzoni kumwonyesha mtoto jinsi konsonanti na irabu zinavyoungana. Akishaiona siri hiyo kwenye *ma* na *sa*, ataikubali kwenye *ba* na *ka*.

Anza na irabu tano, halafu m, s, l na n. Hizo ni silabi 20 mbali na irabu zenyewe, na zinatosha kuandika sentensi za kweli: *Mama anasema nini? Mimi nalala. Mama analima sana.* Mtoto anayesoma sentensi yenye maana katika wiki za mwanzo huona faida ya jasho lake. Andika kila silabi kwenye kadi ya ukubwa wa kiganja kwa herufi ndogo. Wazazi wengi huandika MA, SA, LA kwa herufi kubwa kwa kuona zinasomeka vizuri, kisha mtoto anafungua kitabu na kukuta herufi nyingine kabisa.

Kosa kubwa la njia ya silabi ni wimbo. *Ba be bi bo bu* inakaririka upesi kuliko inavyosomeka. Weka kidole kwenye *bo*: mtoto akianza kunong'ona "ba, be, bi…" hadi aifikie, basi anaimba, hasomi. Changanya kadi. Soma ubao wa silabi kwa kushuka badala ya kwenda kulia: *ma, sa, la, na*. Mpe na maneno ya kubuni yasiyo na maana, kama *nelu* au *somi*, kwa sababu hayo hawezi kuwa ameyakariri. Usiongeze konsonanti mpya hadi asome kadi zote 20 zilizochanganywa bila kukwama na bila kuanzia mwanzo wa wimbo.

Baada ya hapo ongeza konsonanti moja kwa wakati: t, k, b, w, p, h, kisha zilizobaki. Usizifundishe b na d kwa kufuatana. Zinafanana kwa umbo na kwa mlio, na zikija pamoja huchanganyika kwa muda mrefu. Pitisha kati yake walau wiki mbili, na ya kwanza iwe imekomaa. Zifuate zinazoandikwa kwa herufi zaidi ya moja: ch, sh, ny, dh, th, gh. Hapa yafundishe macho yake kuiona *sh* kama kitu kimoja, la sivyo atasoma *shamba* kama "sihamba". Kisha mb, nd, nj, nz, ng na mv. Na mw, kw, bw, tw.

Kuna vituo vitatu ambapo watoto wengi hujikwaa, na vyote vinahitaji siku zaidi ya mzazi anavyotarajia. Cha kwanza ni *ng* na *ng'*: weka *ngoma* na *ng'ombe* kwenye mstari mmoja, zungushia kile kialama cha juu kwa rangi, mwache atamke yote mawili akijishika pua asikie tofauti. Cha pili ni *m* inayosimama peke yake kama silabi. *Mbuzi* ina silabi mbili, *mbu-zi*, lakini *mtoto* ina tatu, *m-to-to*. Mtoto aliyezoea kwamba kila konsonanti lazima ipate irabu atasoma "mutoto". Mwambie afumbe midomo, apige kofi moja kwa *m*, kisha aendelee. Cha tatu ni maneno ya asili ya kigeni yenye konsonanti mbili zinazokutana: *labda, daktari, almasi*. Atasema "labuda", "dakitari". Yakate kwa kistari, *lab-da, dak-ta-ri*, na usimharakishe kwa haya. Yachelewe hadi mwisho.

Jihadhari pia usihesabu matamshi ya nyumbani kuwa kosa la kusoma. Ikiwa nyumbani mnasema *zahabu*, au r na l kwenu husikika karibu sawa, mtoto anayetamka hivyo huku macho yake yakilitambua neno amesoma. Tofauti ya tahajia utaishughulikia wakati wa kuandika.

Neno zima, yaani kumkaririsha mtoto sura ya neno pamoja na picha, linavutia kwa sababu matokeo huonekana siku ileile. Katika Kiswahili ndiyo njia dhaifu kuliko zote, na sababu iko ndani ya lugha. Aliyekariri sura ya *soma* hatalitambua katika *anasoma*, *walisoma*, *tutakaposoma*, *hatusomi* wala *msomaji*. Mwanzo wa neno, ambao macho huushika kwanza, ndio unaobadilika. Jina lake mwenyewe sawa, mkaririshe. Maneno mafupi yanayorudi kila mstari, kama *na, ya, wa, kwa, ni, katika*, yatakuwa mepesi kwa kukutana nayo mara nyingi. Yaliyobaki ayasome.

Ushauri wa mafunzo mengine husafiri kutoka kwenye Kiingereza, na unafaa kupimwa kabla ya kufuatwa. Mwaka 2003 Philip Seymour na wenzake walilinganisha watoto wa lugha 13 za Ulaya mwishoni mwa mwaka wa kwanza wa shule. Katika lugha ambazo maandishi hufuata sauti, kama Kifini, watoto walisoma karibu maneno yote waliyopewa. Wanaosoma kwa Kiingereza walipata kama theluthi moja. Kadi za maneno ya kukariri na mbinu za kukisia zilizaliwa kwenye shida hiyo ya Kiingereza. Mtoto wa Kiswahili hana shida hiyo. Usimpe dawa yake.

Njia tatu za kukaa na kitabu

| Njia | Hujenga nini | Mfae nani | Hukwama wapi |
|---|---|---|---|
| Kumsomea | Msamiati, kuelewa, hamu ya vitabu | Wote. Hasa anayesoma bila kuelewa | Mzazi anageuza hadithi kuwa mtihani |
| Kusoma sambamba | Wepesi, mkazo, ujasiri | Anayeburuta au aliyekata tamaa | Mtoto anakuwa mwangwi |
| Kumsikiliza | Usahihi, kujitegemea | Anayezijua silabi nyingi | Kitabu kigumu, masahihisho mengi |

Kumsomea kuna hila moja inayofichika. Mwaka 2005 Mary Ann Evans na Jean Saint-Aubin walifuatilia mwendo wa macho ya watoto wadogo wanaposomewa vitabu vya picha. Macho yalikaa kwenye picha. Maandishi hayakuangaliwa ila kidogo sana. Kwa hiyo ukitaka hadithi imguse na upande wa maandishi, pitisha kidole chini ya maneno walau kwenye kichwa cha hadithi na sentensi inayojirudia, na mwache yeye aisome hiyo inayojirudia.

Faida kuu ya kumsomea hupatikana katika mazungumzo. Grover Whitehurst na wenzake walionyesha mwaka 1988 kwamba mtoto hupanuka kwa lugha pale mzazi anapomgeuza msikilizaji kuwa msimulizi. Hii ndiyo namna: muulize swali lililo wazi ("Unadhani sungura amejificha kwa nini?"), pokea jibu lake hata likiwa neno moja, lirefushe ("Ndiyo, anaogopa, kwa sababu amesikia kishindo"), na mwache alirudie kwa maneno yake. Maswali matatu au manne kwa kitabu yanatosha. Ukiuliza kila ukurasa "hii ni nini? hii je?", atachoka kabla ya sungura kutoka shimoni. Na usiache kumsomea siku anapojua kusoma. Kwa miaka kadhaa masikio yake yatakuwa mbele ya macho yake, na vitabu atakavyovielewa kwa kusikia vitakuwa na lugha pana kuliko vile awezavyo kuvisoma mwenyewe.

Kusoma sambamba ni njia iliyoanzishwa Uingereza na Roger Morgan katika miaka ya 1970, na kuenezwa na Keith Topping. Haihitaji mzazi awe mwalimu. Kaeni bega kwa bega, nyote mkikiona kitabu. Someni kwa sauti pamoja, kwa mwendo wake. Mkubaliane ishara, kwa mfano kugonga meza kwa kidole. Akigonga, wewe nyamaza aendelee peke yake. Akikosea au akikaa kimya sekunde kama nne au tano, mtajie neno, alirudie, kisha someni tena pamoja hadi atakapogonga tena. Dakika 10 kwa siku.

Ugonjwa wa njia hii ni mwangwi: mtoto anasubiri sauti yako, anairudia nusu sekunde baadaye, na macho yake yako kwingine. Utamgundua ukinyamaza ghafla kabla ya neno rahisi unalojua analijua. Akinyamaza nawe, alikuwa anakufuata wewe. Punguza sauti yako iwe karibu mnong'ono, na mshike kidole akipitishe mwenyewe chini ya neno.

Kumsikiliza ndiko kunakoonekana rahisi kuliko zote, na ndiko kunakoharibika mara nyingi zaidi, kwa sababu ya namna tunavyosahihisha.

Akikosea: umwambie, usubiri au umwachie

Kumwambia papo hapo kunaokoa muda. Ukifanya hivyo kila mara, mtoto hujifunza kwamba akisita neno litaletwa, na atasita zaidi. Kumwachia kila kosa lipite nako kunamfundisha kwamba maana si lazima. Njia iliyopimwa New Zealand na kina Stuart McNaughton na Ted Glynn, kuanzia miaka ya 1970, ni ya katikati: subiri, mwongoze, msifu.

Kusubiri ni kuhesabu kimoyomoyo hadi tano. Sekunde tano ni ndefu kwa mzazi na fupi kwa mtoto anayefikiri. Ikiwa amekosea neno, ngoja amalize sentensi. Wengi hugundua wenyewe pale maana inapogoma, na kujirekebisha huko kuna thamani kuliko neno lolote utakalompa.

Asipojirekebisha, mwongozo hutegemea aina ya kosa. Kama alichosoma hakileti maana ("mtoto alipanda *mwezi*" badala ya *mwembe*), mrudishe kwenye maana: "Umesoma alipanda mwezi. Inawezekana?" Kama kinaleta maana lakini si kilichoandikwa, kwa mfano *kijana* badala ya *mtoto*, mrudishe kwenye maandishi: "Tazama silabi ya kwanza." Kama amenyamaza tu, funika neno kwa karatasi, ufunue silabi moja moja. Ukishamwongoza mara mbili na bado hajapata, mtajie. Kisha arudie sentensi nzima kutoka mwanzo, ili neno likae mahali pake.

Mwongozo mmoja uepuke kabisa: "tazama picha, kisha ukisie". Unaleta jibu leo, na kesho anakutana na ukurasa usio na picha.

Kusifu kuwe kwa jambo alilofanya. "Umerudi ukalirekebisha mwenyewe" humwambia nini cha kufanya tena. "Vizuri sana" humwambia tu kwamba umefurahi.

Kuhusu uchaguzi: ikiwa mtoto bado anajenga silabi, mwongoze kama hapo juu. Ikiwa ni mkubwa kidogo, ameshashindwa mbele ya wenzake na anaona haya, acha maongozi kwa wiki kadhaa, someni sambamba, umpe neno bila maswali. Kwake yeye, kurasa tano zilizosomwa bila fedheha zina faida kuliko nusu ukurasa uliochambuliwa.

Kitabu kipya au kilekile

Hesabu makosa katika maneno 20 ya kwanza. Kosa moja au hakuna: asome mwenyewe. Mawili: asome nawe ukiwa karibu. Yakizidi mawili, kitabu hicho ni chako kumsomea leo, si chake kukisoma. Sheria hii ndogo inazuia machozi mengi.

Wazazi huona kitabu kilichosomwa jana kama kimekwisha. Kwa anayeburuta, ndipo kinaanza. S. Jay Samuels alieleza mwaka 1979 namna ya kurudia: chagua kifungu cha maneno 50 hadi 100, mtoto akisome kwa sauti mara tatu au nne, na kila mara andika sekunde alizotumia. Anaona namba ikishuka kwa macho yake mwenyewe. Weka sharti: muda unahesabiwa tu akiweza kusimulia kifungu. Bila sharti hilo watoto hugeuka mashine za kukimbiza silabi.

Katika Kiswahili wepesi una adui wake, nalo ni neno refu. *Walipotuona* lina silabi sita, zote rahisi, lakini mtoto anayezisoma kwa uzito uleule hufika *na* akiwa amesahau *wa*. Lijenge kutoka mzizi, mstari kwa mstari:

*ona*
*tuona*
*walituona*
*walipotuona*

Fanya maneno mawili ya namna hii kwa siku, yakitoka katika kitabu anachokisoma. Na kila akimaliza kuunganisha silabi, alitamke neno zima tena kama anavyolisema akizungumza, mkazo ukiwa kwenye silabi ya pili kutoka mwisho: *walipotuOna*. Mara nyingi ni wakati huo anapotamka kwa mkazo sahihi ndipo uso unachangamka, kwa kuwa amelitambua neno alilokuwa analijua siku zote.

Vitabu vikiwa vichache, tengeneza. Mtoto akusimulie kilichotokea leo, wewe andika sentensi tatu au nne kama alivyosema, kwa herufi ndogo zenye ukubwa wa kutosha. Hayo ataweza kuyasoma kwa sababu maana anayo tayari. Ila kesho yake kata sentensi vipande vya maneno, uvichanganye avipange, uhakikishe anasoma na si kukumbuka.

Karatasi au simu

Hadithi ya simu inayojisoma yenyewe ni aina ya kusomewa, na kwa kazi hiyo inafaa, ingawa haiulizi wala haisikilizi jibu. Haihesabiki kuwa mazoezi ya kusoma. Kama simu ndiyo kitabu pekee mlichonacho, zima sauti ya msomaji, weka simu kwenye hali ya ndege, kuza maandishi hadi skrini ibebe sentensi mbili tatu, na uishike wewe. Vitabu vyenye michezo ndani yake viache kwa wakati wa kucheza. Kidole kikipata kitu cha kubonyeza, macho hayarudi kwenye mstari.

Mzazi asiyesoma, au asiyesoma vizuri

Kumsikiliza na kuzungumza naye hakumhitaji mzazi ajue kusoma. Mtoto asome kwa sauti, nawe sikiliza maana. Ukisikia sentensi isiyoeleweka, sema, "Hapo sijaelewa, rudia." Ni mwongozo uleule aliotumia McNaughton, na unatoka kwa mtu anayeijua lugha kuliko mtoto. Kisha akusimulie, umuulize kwa nini. Hadithi za mdomo, vitendawili na mchezo wa kutaja maneno yanayoanza kwa *ka* hujenga upande ule wa pili wa hesabu bila ukurasa wowote.

Lugha ya kuanzia ni ile anayoizungumza vizuri zaidi. Anaposoma kwa lugha anayoijua, neno aliloliunganisha vibaya humstua. Kwa lugha ngeni kila neno ni sawa. Akishajua kuunganisha, ufundi huo hahitaji kuuanza upya katika lugha ya pili.

Muda, na akikataa

Dakika 10 hadi 15 kila siku zinashinda saa zima la Jumamosi, hasa kwa silabi, ambazo husahaulika zikilala siku sita. Kwa anayejenga silabi, mgawo unaofaa ni dakika 5 za kadi, 5 za kusoma sentensi zenye silabi hizohizo, na zinazobaki umsomee. Anayeburuta: kifungu kimoja cha kurudia, kisha kusoma sambamba. Anayesoma bila kuelewa: ukurasa mmoja asome yeye, ukurasa mmoja usome wewe, mazungumzo kati yake. Rudia kile kipimo cha dakika kumi baada ya wiki sita hivi, ubadilishe mgawo.

Akikataa, usimsukume siku hiyo kwenye kitabu kilekile. Kataa ya mtoto mara nyingi ina sababu unayoweza kuihesabu: rudi kwenye sheria ya maneno 20. Makosa yakizidi mawili, shusha ugumu. Yakiwa machache na bado hataki, badilisha saa. Mtoto aliyechoka jioni anaweza kusoma asubuhi kabla ya kutoka. Na kama miezi sita ya mazoezi ya kila siku imepita na bado irabu tano zinamponyoka kutoka leo hadi kesho, zungumza na mwalimu wake, umweleze kwa kumbukumbu ulizoandika: silabi zipi anazijua, zipi zinarudi nyuma, na ndugu gani katika ukoo walipata shida kama hiyo.